Kanga Iliyoogelea Usiku

Tochi ilizimika hatujamaliza hata dakika kumi chini ya maji. Nilikuwa nimeikodi kwa hela ambayo karibu ingeninunulia mpya. Sasa nimo gizani ndani ya Bahari ya Shamu, upande wa Misri, vazi la mpira limenibana kifua, sisikii ila pumzi zangu. Siku tatu za kwanza sina la kusimulia: jua, boti na kichefuchefu.

Nikamng'ang'ania kiongozi wetu mkono. Akamulika mbele, na hapo nikaona nguo nyekundu inaelea kutoka mwambani. Nikajua kuna mtu kadondosha kanga. Nikanyoosha mkono niiokote, kiongozi akanichapa kiganja.

Nguo ikajikunja, ikajikunjua, pindo zikapanda na kushuka kama za mtu aliyekolea ngoma. Kumbe ni koa. Koa! Ndugu wa baharini wa yule mdudu tunayemmwagia chumvi bustanini. Huyu alizidi unyayo wangu kwa urefu, na wapo wanaopita sentimita 40. Mgongoni matamvua sita ya kupumulia yamesimama kama vichaka, kila kimoja na shina lake. Ndiyo maana wataalamu wakamwita Hexabranchus, yaani matamvua sita. Katikati yake kajibanza kamba mdogo, abiria asiyelipa nauli. Mimi je?

Alipotua akazikunja pindo mgongoni, nusu ya wekundu ikapotea.

Botini nikaambiwa mchana hujificha kwenye nyufa. Huenda tulishampita mara kadhaa. Lile waridi nililolipiga picha jana yalikuwa mayai yake, utepe uliozungushwa. Samaki hawamgusi, maana hula sifongo na kuiweka sumu yao mwilini.

Kiongozi akaniuliza natoka wapi. Nikasema pwani ya Afrika Mashariki. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Wanasayansi Rüppell na Leuckart walimwandika koa huyu karne ya 19 kutokana na bahari hii, lakini yeye na ndugu zake wa karibu wametapakaa hadi kwetu, na kuvuka mpaka Hawaii.

Utoto wangu wote nimeogelea maji yale, na kila magharibi nikaitwa nitoke. Mama alikuwa akisema usiku bahari ina wenyewe.

Nikaenda kudai hela ya tochi. Wakanijibu betri haimo kwenye kodi.