Jinsi nilivyoiona na kuipiga picha M27

Anayetaka kuanza na nebula za sayari, yaani mawingu ya gesi iliyomwagwa na nyota zinazokufa (hazihusiani na sayari, licha ya jina), mimi humwelekeza M27. Ni kubwa, ni angavu, na ndiyo ya kwanza ya aina yake kugunduliwa: Charles Messier, mwanaastronomia Mfaransa ambaye herufi M hutokana na jina lake, aliiona mwaka 1764. Kuifikia si kazi. Natafuta kundinyota la Mshale (Sagitta), naelekeza darubini kwenye Gamma Sagittae, nyota yake inayong'aa kuliko zote, kisha napanda kaskazini nyuzi tatu hivi.

Darubini yangu ina kioo cha sentimita 20. Baada ya kukaa gizani nusu saa bila kugusa simu, nililikuta doa la kijivu, kama pumzi juu ya kioo. Ndipo nikatoa chujio la oksijeni. Mwanga mwingi tunaouona kwa macho katika nebula hizi hutoka kwa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, kwenye nanomita 496 na 501, na chujio hilo hupitisha huo tu. Sikulifunga; nililishika kwa vidole kati ya jicho na lenzi, nikawa naliingiza na kulitoa. Kila lilipoingia, nyota zilififia, nebula ikabaki palepale, imekolea. Nikitupa jicho pembeni kidogo badala ya kuikodolea, mabawa yake mawili yaliyo hafifu yalijitokeza. Mbinu hii naipenda mno, maana hata nebula ndogo sana, zile zinazodhaniwa kuwa nyota, hazifichiki nayo.

Kwa picha nilitumia kitako chenye mota inayofuata mwendo wa anga. Nilipiga picha nyingi za sekunde 30, kwa ISO 1600 (kipimo cha wepesi wa kamera kunasa mwanga), kisha nyingine za muda uleule kifuniko kikiwa kimefungwa, ili programu iondoe chengachenga za sensa. Zilipojumlishwa, katikati palitoka buluu ya kijani, pamoja na kinukta cheupe ambacho jicho langu halikukipata: kiini cha nyota iliyoimwaga gesi hiyo yote, ambacho mnururisho wake wa urujuanimno ndio unaoiwasha. Wekundu wa haidrojeni na naitrojeni ukingoni ulitoka kidogo tu, kwa kuwa kamera za kawaida zina chujio mbele ya sensa linalokata sehemu kubwa ya mwanga huo. Ganda la nje kabisa bado halijatoka. Hilo linadai saa kadhaa za kupiga picha, nami naendelea kuzikusanya kila anga linapotakata.