Mawe ya Mchele

Machi 2016, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, nilimwomba mama asitupe mawe anayoyatoa kwenye mchele.

"Mawe ya nini?"

"Mawe, chuya, hata fukusi wakiwepo. Kila siku, kwa siku 40."

"Chuya ni za kuku, mwanangu."

Tukakubaliana: mawe yote yangu, chuya nusu kwa nusu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Buguruni, kazi sina, kichwani nimejaa habari za Mierle Laderman Ukeles. Huyu ni msanii wa New York. Mwaka 1969, akiwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, aliandika ilani akasema kupika, kufua na kusafisha kwake ndiyo sanaa yake. Mwaka 1973 akazisugua kwa maji ngazi za makumbusho ya Wadsworth Atheneum huko Hartford, na baadaye sakafu za ndani. Niliposoma hayo, aliyenijia akilini ni mama na ungo wake. Nikachagua siku 40 kwa sababu kwetu arobaini ina uzito wake, kwa mzazi na kwa msiba.

Saa nne asubuhi mama hukaa mkekani barazani, miguu ameinyoosha, ungo mapajani. Anapeta kwanza, pumba zinaruka. Kisha anausambaza mchele na kuuvuta kidogo kidogo kwa vidole, huku anaongea na jirani ng'ambo ya ukuta. Lipo jiwe jeupe, ukubwa wa punje, linang'aa kama mchele wenyewe. Mimi silioni hata nikikodoa macho. Yeye analipata kwa kuligusa tu, maneno hayakatiki.

Nilikata maboksi ya sabuni vipande vya ukubwa wa kiganja, kila kimoja nikakiandika tarehe na kubandika mavuno ya siku hiyo. Gundi ya kwanza niliikoroga kwa unga wa ngano. Sisimizi wakazimaliza kadi sita usiku mmoja, nikalia kweli, nikaanza upya na gundi ya dukani. Siku isiyo ya wali niliacha kadi tupu, tarehe peke yake.

Siku ya 40 ilipopita nilizitundika zote uani kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio, nikamwita.

Alipita taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba. Akasimama kwenye kadi ya 11 Aprili.

"Hii sikuchagua mimi."

Kweli. Siku hiyo alikuwa mazikoni Kisarawe, mchele nilichagua mimi.

"Umejuaje, mama?"

"Mawe matatu. Mchele wa kiroba kilekile, jana yake 17, kesho yake 15. Yaliyobaki mliyala."

Nilikuwa nimezitazama kadi zile kila usiku, nikapanga rangi za mawe, nikahesabu, na hilo sikuliona. Nilidhani nabandika mawe. Kumbe kilichokuwa pale kwenye boksi ni mkono wake, na siku mkono huo ulipokosekana palionekana wazi kabisa kwa anayejua kusoma.

Akaendelea hadi kwenye zile tupu.

"Na hizi?"

"Siku za ugali."

Akazipitia moja moja. "Ugali. Hii ugali. Hii makande." Kwenye ya nne akanyamaza. Akaigeuza, akatazama nyuma yake, akairudisha.

"Hii siyo ya ugali. Wewe ulishinda Kinondoni kwa rafiki yako, ukarudi umeshiba. Sisi tulilala na chai."

Sikuwa na la kusema. Usiku ule nilirudi, nikaona hakuna mawe kwenye kisahani, nikaandika tarehe nikalala.

"Nipe kalamu," akasema.

Akaitoa kadi kwenye kibanio, akaiegemeza ukutani, na kwa zile herufi zake za kulala akaandika chini ya tarehe: chai.