Ghala Lilitangulia Shamba

Masomo ya juma hili: Mwanzo 47:13–26 na Luka 12:13–21

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Karibu na Bahari ya Chumvi, upande wa Yordani, kuna mahali panapoitwa Dhra'. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta huko mabaki ya maghala ya nafaka yenye umri wa miaka 11,300 hivi. Ni vyumba vya mviringo vilivyojengwa kwa udongo, upana wake kama mita tatu, na sakafu imeinuliwa juu ya mawe ili hewa ipite chini na panya wasikifikie chakula. Aliyekulia kijijini akaona kihenge kimesimama juu ya miguu yake kando ya nyumba angelitambua jengo lile bila kuambiwa. Ufundi wake unapendeza. Lakini mimi nimeshikwa zaidi na kilichokuwa kikiwekwa ndani: ilikuwa bado shayiri mwitu. Watu wa Dhra' walivuna, na huenda walishaanza kupanda kidogo, ila mmea wenyewe ulikuwa haujageuka kuwa zao la shambani kama tunalolijua sisi. Hilo lilikuja karne nyingi baadaye. Mwanadamu alijifunza kuweka akiba kabla hajawa mkulima kamili.

Najua wapo kati yetu wanaosita wakisikia hesabu ya miaka mingi namna hiyo. Nisingependa jambo hilo lituzuie. Ninaitaja kwa sababu waliopima mabaki hayo wamefanya kazi ya uaminifu, na kwa sababu naamini kwamba Mungu aliyemwita Abrahamu aliwajua kwa majina hata wale waliolala njaa na kushiba pale Dhra'.

Tuangalie kwanza jinsi zao lilivyopatikana, maana humo nauona mkono wa Mungu na mkono wa mtu vikifanya kazi pamoja. Suke la ngano mwitu likikomaa huvunjika lenyewe, punje zikaanguka na kujipanda. Ndivyo lilivyoumbwa liendeleze uzao wake. Mara mojamoja hutokea bua ambalo suke lake halivunjiki. Porini bua hilo halina faida, kwa kuwa mbegu zake hazitawanyiki. Lakini akija mvunaji na mundu wake wa jiwe, punje za masuke yanayovunjika humwagika chini, na lile lisilovunjika ndilo linalofika nyumbani. Akipanda tena kutoka katika alichokileta, msimu kwa msimu, kizazi kwa kizazi, mwisho shamba zima linakuwa la ngano isiyoweza kujipanda bila mkono wa mtu. Haya yalitokea katika lile eneo liitwalo Hilali yenye Rutuba, kuanzia bonde la Yordani, kupitia Siria na kusini mwa Uturuki, hadi milima ya Iraki na Irani. Pamoja na ngano na shayiri wakapata adesi, njegere na kitani, kisha mbuzi na kondoo. Afrika nayo haikungoja kuletewa kila kitu: mtama tunaoula sisi ulianza kugeuzwa kuwa zao la shambani mashariki mwa Sudani, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita.

Baraka hiyo ilikuwa na gharama yake mwilini. Kando ya mto Frati, huko Siria, palikuwa na kijiji cha kale cha Abu Hureyra. Kilichimbwa mwaka 1972 na 1973, kabla maji ya bwawa hayajakifunika. Mifupa iliyopatikana pale, hasa ya wanawake, ina vidole vya miguu vilivyopinda, magoti yaliyolika na migongo iliyoharibika. Wataalamu walieleza kwamba ni alama za kupiga magoti saa nyingi kila siku, ukisukuma jiwe mbele na nyuma juu ya jiwe lingine ili kupata unga. Tunasoma Mwanzo 3:19, "kwa jasho la uso wako utakula chakula," tukamwaza mwanamume na jembe lake. Tangu niliposoma habari za Abu Hureyra, kila nikiufikia mstari huo nawaza pia magoti ya akina mama.

Sasa turudi ghalani. Waliochimba Dhra' waliona kwamba maghala yale ya mwanzo yalisimama nje, kati ya nyumba na nyumba, mahali ambapo kila mtu angeweza kuyaona. Katika vijiji vya baadaye vya eneo hilohilo akiba ilianza kuhamia ndani ya nyumba, na kufikia miaka 9,500 hivi iliyopita nyumba zilikuwa na vyumba maalumu vya kuhifadhia. Hapo majirani hawawezi tena kujua nani anacho na nani amepungukiwa. Kuhama huko kulichukua karne nyingi, na sidhani kama kuna aliyekaa akaamua kuwaficha wenzake chakula. Mambo mengi makubwa ya moyo wa binadamu huja hivyo, polepole, huku kila mtu akiona anafanya busara ya kawaida tu.

Mwanzo 10:10 inautaja mji wa Ereku, katika nchi ya Shinari. Ndio Uruk, kusini mwa Iraki ya leo. Miaka 5,000 hivi iliyopita ulikuwa na makumi ya maelfu ya watu, na hakuna mji tunaoujua wa wakati ule ulioufikia kwa ukubwa. Mifereji ilileta maji mashambani, mashamba yakajaza maghala, na maghala yakaweza kuwalisha watu wasiolima: wafinyanzi, wafumaji, makuhani, askari, makarani. Maandishi yenyewe yalizaliwa huko. Vibao vya udongo vya kwanza kabisa vya Uruk, kwa sehemu kubwa, ni hesabu: shayiri, pombe, kondoo, wafanyakazi. Kibao kimoja kinaandika vipimo 29,086 vya shayiri kwa miezi 37, na pembeni limewekwa jina au cheo, Kushim. Huenda ni miongoni mwa majina ya kale zaidi kuandikwa duniani, na ni jina la mtu au ofisi iliyosimamia nafaka. Hapohapo Uruk kumeokotwa mabakuli ya udongo kwa maelfu, yaliyofinyangwa kwa haraka, yasiyo na urembo. Wengi wanaona kwamba yalikuwa ya kupimia posho ya mfanyakazi.

Kuna pia chombo cha jiwe kutoka Uruk, kirefu kama mita moja, kilichochongwa picha kwa safu. Chini kabisa ni maji, juu yake mimea, juu yake kondoo, kisha wanaume waliobeba vikapu na mitungi, na juu kabisa ni mlango wa mungu wao wa kike, Inanna, anapopokea. Kiliibwa katika jumba la makumbusho la Baghdad wakati wa vita mwaka 2003, kikarudishwa miezi michache baadaye kikiwa kimevunjika. Kitazameni picha yake mkipata nafasi. Kila kitu kinapanda. Katika yanayoonekana hakuna hata mtu mmoja anayeshuka na kikapu kumpelekea mwenzake.

Karne nyingi baadaye, katika utawala wa Uru, mji ambao Biblia inasema Abrahamu alitoka, posho iliandikwa kwa kawaida hivi: mwanamume lita 60 hivi za shayiri kwa mwezi, mwanamke 30. Wengi wa wanawake hao walikuwa wasagaji na wafumaji. Magoti yaleyale, na nusu ya kipimo.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu Biblia yetu ilizaliwa katikati ya maghala hayo, kati ya Shinari na Misri, na inayajua vizuri kuliko tunavyodhani. Tunapenda hadithi ya Yusufu, na ni haki kuipenda: alikusanya nafaka miaka saba ya shibe na kuokoa watu wengi katika miaka saba ya njaa. Lakini mahubiri mengi huishia ndugu zake walipomtambua. Tukiendelea hadi sura ya 47 tunakuta habari nzito. Watu walinunua chakula mpaka fedha zao zikaisha, wakaleta mifugo yao, mwaka uliofuata wakatoa mashamba na miili yao wenyewe. Nchi yote ikawa ya Farao, isipokuwa ardhi ya makuhani. Ghala lililowaokoa wasife ndilo lililowafanya watumwa. Wao wenyewe walishukuru, wakasema, umetuhifadhi hai. Maandiko hayamlaumu Yusufu waziwazi, nami sina ujasiri wa kumlaumu. Ila fungueni kitabu kinachofuata, Kutoka 1:11, mwone watoto wa Yakobo wanalazimishwa kujenga nini. Pithomu na Ramesesi, miji ya kuwekea akiba ya Farao.

Ndiyo maana naamini mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani walipotoka Misri, haikuwa chakula cha dharura tu. Taifa lililotoka katika miji ya maghala lilifundishwa kwanza kuokota chakula cha siku moja. Aliyeokota kingi hakubaki na ziada, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Waliojaribu kukiweka mpaka asubuhi walikuta kimeingia mabuu na kunuka. Siku ya sita peke yake waliruhusiwa kuweka, na hakikuoza, kwa sababu akiba hiyo ilikuwa ya kumpumzisha kila mtu, hata mtumishi, siku ya saba. Kwa hiyo Mungu hakuichukia akiba. Aliifundisha kazi yake.

Walipoingia nchi ya ngano na shayiri, sheria iliwafuata hadi mpakani mwa shamba. Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna pembe zake zote au kurudi kuokota masazo: ni ya maskini na mgeni. Lakini kulikuwa na watawala wa nchi zile waliogusia kilio cha wanyonge hata kabla ya Musa. Uruinimgina, mfalme wa mji wa Lagash kusini mwa Iraki ya leo, miaka 2,350 hivi kabla ya Kristo, aliandika kwamba aliahidi mbele ya mungu wake kutomwacha yatima na mjane mikononi mwa mwenye nguvu. Nafurahi kuliona neno hilo huko, katika udongo wa watu wasiomjua Bwana kwa jina lake. Tofauti ninayoiona ni kwamba ahadi ya Lagash ilitegemea mfalme, na mfalme huyo alipinduliwa baada ya miaka michache. Pembe ya shamba iliwekwa mikononi mwa kila mkulima, pasipo karani wala kibao.

Katika Luka 12 mambo yanaanzia kwa ndugu wawili. "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Nani kati yetu hajaona ugomvi huo? Mazishi hayajapoa na watu wameshaanza kupima mipaka. Yesu anajibu kwa habari ya tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Anapanga peke yake, anasema na nafsi yake, na uamuzi wake ni huu: "nitazivunja ghala zangu, nijenge nyingine kubwa zaidi." Hesabu yake haina kosa. Lakini katika maneno yake yote hakuna jirani, hakuna mfanyakazi aliyevuna, hakuna mwanamke aliyesaga. Miaka elfu kadhaa ya ustaarabu imo katika hotuba hiyo fupi, na Mungu anaijibu usiku uleule.

Kwetu sisi jambo hili liko karibu. Mkulima anauza mahindi msimu wa mavuno kwa bei ya kutupa kwa sababu ada ya shule haingoji, na mnunuzi anampimia kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu. Miezi michache baadaye mkulima yuleyule anayanunua kwa debe, kwa bei isiyolingana na ile aliyolipwa. Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa namna hiyo waliochezea vipimo, na Mithali 11:26 inasema watu watamlaani anayezuia nafaka, lakini baraka itamkalia kichwani anayeiuza. Baadhi ya wanaofanya hivyo hukaa nasi katika benchi moja kanisani, wakatoa sadaka ya mavuno kwa furaha. Naomba tuzungumze nao, na kwa upendo, kwa sababu inawezekana hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba gunia lao ni habari ya imani. Na jumuiya zenye ghala la pamoja zijiulize nani anashika ufunguo, na kama mjane anaweza kuja mwezi wa njaa bila kupiga magoti.

Juma hili, pamoja na masomo tuliyotaja, tusome Ruthu sura ya pili nyumbani, na watoto wawepo. Ni majira ya mavuno ya shayiri Bethlehemu, na mgeni kutoka Moabu ameingia shambani kuokota masazo. Sheria ilimtaka Boazi, mwenye shamba, amwachie tu. Soma mstari wa 16 taratibu: anawaagiza vijana wake wachomoe masuke kutoka katika matita yao wenyewe na kuyaacha njiani ayaokote, wala wasimkemee. Jioni Ruthu alipoyapura alipata kama efa moja ya shayiri, akaibeba mjini kwa Naomi, mama mkwe wake.