Mombasa, Mji wa Kuulizana Ukoo

Mpaka wa Horohoro na Lungalunga siku hizi hauchoshi. Maafisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja, unagongewa mihuri, unapita. Walioniudhi ni vijana wa kubadilisha pesa. Nilipofika Mombasa na kuona viwango vilivyobandikwa kwenye duka la fedha nilijua kwamba shilingi zangu zilikuwa zimekatwa vibaya mno pale mpakani, na uchungu ule haukunitoka safari nzima. Basi nalo lilinikalisha kiti kilichovunjika mgongo kutoka Tanga mpaka Likoni, kwa nauli ileile waliyolipa wenye viti vizima. Feri tulivuka kwa miguu, bure. Nashukuru, maana baada ya hapo sikupata tena cha bure isipokuwa maneno ya watu, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Nilikuwa namtafuta bibi mdogo, mdogo wake bibi mzaa mama. Aliolewa Mombasa na nahodha wa Kibajuni zamani sana, akahamia huko moja kwa moja. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mama akanifungashia doti ya kanga na mfuko wa machungwa ya Muheza, akanipa maelekezo: Kibokoni, nyuma ya msikiti, nyumba yenye baraza ndefu. Aliyewahi kuingia Mji wa Kale atanielewa. Kibokoni nyumba zenye baraza ndefu ni nyingi, na ukimaliza msikiti mmoja unaingia kwenye kivuli cha mwingine.

Kwetu Tanga, Ngamiani, mtu hapotei hivyo. Barabara zetu zina namba, kuanzia ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Ukisema barabara ya kumi na mbili, mwenye bodaboda hakuulizi zaidi. Mombasa nilitaja msikiti, nikataja baraza, watu wakanitazama tu. Nilizunguka vichochoroni mpaka mikono ikaniuma kwa mfuko wa machungwa, kisha nikaliona benchi la kahawa na wazee wamekaa. Nikawaamkia.

"Marahaba. Wamtafuta nani, mwanangu?"

Nikataja jina la bibi na la babake.

"Huyo ni kabila gani?"

Nilisita. Nimesoma shule za Tanzania, nimelelewa nikijua kwamba swali hilo humuulizi mtu mliyekutana naye njiani. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na waliozaliwa baada yake hawajawahi kuhesabiwa kwa kabila zao. Nikamtazama yule mzee usoni, sikuona baya lolote. Alikuwa anangoja jibu kama karani wa posta anavyongoja namba ya sanduku.

"Msegeju wa Moa," nikasema.

"Ala! Wasegeju wako mpaka Vanga na Shimoni, hao ni wetu. Na mumewe?"

"Mbajuni."

"Mbajuni wa wapi? Wa Faza? Wa Kizingitini? Au wale wa visiwa vya upande wa Somalia?"

Hilo sikulijua, na hapo ndipo benchi zima lilipoamka. Kila mmoja alikuwa na nahodha wa Kibajuni anayemkumbuka, na kila nahodha alikuwa na nyumba yake, wake zake na msikiti aliokuwa akisali. Katika kubishana wakawa wanajitaja na wao wenyewe, kwa sababu huwezi kusema unamjua mtu bila kueleza umemjua kwa upande gani. Mmoja alikuwa Mshihiri, babu yake alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut, kule Yemen. Wa pili Mbaluchi, ambaye wazee wake walikuwa askari wa watawala wa Omani, wakawekwa ngomeni Fort Jesus, na msikiti wao bado uko Makadara. Wa tatu alikuwa Mngazija, fundi cherehani. Aliyeniuliza mara ya kwanza, mkubwa kuliko wote, alisema yeye ni Mkilindini, akanihesabia kwa vidole Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Wakilindini, Watangana na Wachangamwe ndio watatu. Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wakatwa na Wabajuni ndio tisa.

"Waona? Mume wa bibiyo yumo humo humo."

Niliwahi kusoma shuleni kwamba Wareno walianza kujenga ile ngome mwaka 1593, na kwamba Waomani waliitwaa mwaka 1698. Nilisoma pia Wamazrui, ukoo wa Kiarabu kutoka Omani, walivyotawala hapo mpaka 1837, kisha reli iliyoanza mwaka 1896 na kuleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Niliyakariri yote hayo kwa mtihani. Pale kwenye benchi yalikuwa yamekaa na vikombe mkononi. Kila dola iliyopita iliacha watu, na wajukuu wa watu hao wanajua mpaka leo waliachwa na nani. Nilifurahi kiasi cha kusahau machungwa yanazidi kuiva juani.

Hatimaye wakakubaliana kwamba nimwendee Mbohora mmoja, Muislamu mwenye asili ya Kihindi, mwenye duka la kamba na rangi za majahazi, kwa kuwa manahodha wote wa zamani walikuwa wakikopa kwake. Wakamwambia kijana wa mkokoteni aliyekuwa akinywa kahawa pembeni anipeleke.

Kijana yule hakuwa amesema neno muda wote. Tulipopinda kona akaniambia, "Dada, wazee wamekuhesabia watu wote. Mimi hawajanihesabu."

Alikuwa Mgiriama. Akaanza kuhesabu naye, na vidole vyake vikafika tisa vilevile: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wakauma. Mijikenda. Katika sensa ya Kenya ya 2009 Waswahili waliandikwa 110,614, Mijikenda walikaribia milioni mbili. Anayebeba mzigo, anayekwea mnazi, anayechimba msingi wa ghorofa pwani hii, mara nyingi ni mmoja wao, na ukikaa kwenye benchi la Mji wa Kale unaweza kumaliza kahawa yako bila jina lao kutajwa. Aliniambia kwao ni Kisauni, na ardhi waliyojengea ina mwenyewe mwingine mwenye hati. Hadithi hiyo ni ya maelfu ya watu ukanda ule. Chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908 Waarabu na Waswahili wengi walisajili mashamba, Mijikenda wengi wakabaki wakikaa juu ya ardhi ya mababu zao kama wapangaji. Nilimsikiliza nikaona aibu kwa furaha yangu ya dakika chache nyuma, ingawa sitaikana. Wazee walinipokea vizuri. Na kijana alikuwa na haki ya kukasirika.

Mbohora alikuwa mzee wa kanzu na kofia yenye utepe wa dhahabu, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Hakufungua daftari lolote. Alifumba macho, akaulizia chombo cha nahodha, nilipokitaja jina akasema, "Huyo hana deni. Alifariki. Mkewe nyumba ya kupanga iliuzwa, akahamia Majengo." Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimeuzwa hivyo, alisema. Watoto wako ng'ambo, kodi ya ghorofa ni tamu, na ingawa mtaa ni eneo la hifadhi, kila mwaka mlango mmoja wa nakshi hung'olewa. Nilinunua kwake kipande cha kamba nisichokihitaji. Shilingi mia na hamsini za Kenya. Ni ghali kwa kamba, lakini kwa taarifa ile nisingelalamika.

Mwenye tuktuk alitaka mia tatu mpaka Majengo, akishasikia lafudhi yangu. Nikaenda kwa miguu kupitia Mwembe Tayari. Mambo ya gesti yangu niyaseme hapahapa niyamalize: elfu mbili na mia tano kwa usiku, pangaboi halizunguki, maji yanatoka alfajiri tu.

Majengo nilimkuta mama mmoja anakaanga samaki mbele ya nyumba ya vyumba sita. Nilipomuuliza akaniuliza kwanza kama nimekula, kisha akaniuliza mimi ni wa nani. Nilishazoea, nikajibu yote kwa pumzi moja, Mbondei kwa baba, Msegeju kwa mama. Akacheka akasema, "Mimi Mjaluo wa hapahapa." Babake alikuja kupakua meli bandarini Kilindini miaka ya 1950, naye akazaliwa Mombasa, akaolewa Likoni.

Agosti 1997 alikuwa Likoni.

Aliniambia akiwa anageuza samaki, bila kuinua uso. Watu wenye mapanga na bunduki walivamia kituo cha polisi, kisha wakaingia mitaani wakiwatafuta watu wa bara. Zaidi ya watu mia moja waliuawa katika machafuko yale yaliyotangulia uchaguzi wa mwaka huo, na karibu laki moja wakakimbia makazi yao. Wengi walikwenda kujibana kwenye kanisa Katoliki la Likoni. Yeye alifichwa na jirani yake Mdigo, chini ya kitanda, na watoto wawili. Mlangoni alisikia sauti ikimuuliza jirani, "Humu mna nani? Wa kabila gani?" Jirani akaapa kwamba ndani mna dada yake mgonjwa.

Swali lilikuwa lilelile nililoulizwa asubuhi na mzee wa Kikilindini huku akinimiminia kahawa. Mpaka leo sijui la kufanya na jambo hilo. Mwalimu Nyerere na wenzake walituzuia tusiulizane, na mimi nimekua bila kuogopa mlango wangu kugongwa kwa sababu ya kabila. Hilo silibadilishi na chochote. Lakini mama yule, aliyenusurika na swali hilo, alikuwa ameniuliza naye kabla ya kunipa kipande cha samaki. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nisipokuuliza nitajuaje nikupeleke kwa nani?"

Alizima jiko, akafunga kanga kiunoni, akanipeleka mwenyewe. Bibi mdogo alikuwa mlango wa nne kutoka pale. Simu yake ilikuwa imeingia maji. Yule Mjaluo anamwita mama, na funguo za pale ndani anazo.

Nahodha alikuwa wa Kizingitini; bibi alilitoa jibu hilo kabla hajamaliza kunikumbatia, nilipomsimulia ubishi wa benchini. Binti yake aliolewa na Mtaita. Mjukuu ameoa Mkamba. Kwenye ukuta kulikuwa na picha ya harusi hiyo, na waliopanga mstari wangehitaji makarani watatu wa sensa. Nilimuuliza walimwandikaje mwaka 2019. "Karani aliniuliza kabila," akasema, "nikamwambia kaa kitako tuanze na babu yangu. Akasema nyanya, nataka moja tu, nina nyumba nyingi." Akaandikwa Mbajuni, kwa ajili ya marehemu. Mwaka ule kaunti ya Mombasa ilipatikana na watu 1,208,333, na nikimwangalia bibi naona wengi wao nao wamechaguliwa neno moja kati ya mengi.

Hata hivyo neno hilo moja huko lina uzito ambao sisi hatuujui. Wamakonde walioishi Kwale kwa miongo mingi hawakuwa na kitambulisho mpaka walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wakenya wenye asili ya Asia wakafuata Julai 2017, wa 44. Wapemba walisubiri mpaka 2023. Bibi anawajua Wapemba kadhaa, wavuvi, na alinieleza walivyokuwa wakikamatwa na nyavu zao zikiwa mkononi kwa kukosa karatasi. Kutoandikwa nako kunaumiza.

Siku zilizofuata zilipita kwa kula. Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi vya karai jioni, na madafu ya mia moja ambayo jirani yangu alinunua kwa sitini.

Nilirudi Tanga nikaona mtaa wetu kwa jicho jingine. Ngamiani ilijaa watu walioletwa na mkonge kutoka Songea, Kigoma, Msumbiji na kwingineko, wakachanganyika na Wadigo na Wabondei mpaka hujui nani alianza kuja. Tunasifu mchanganyiko huo, na nausifu mimi pia. Lakini nilimuuliza jirani yetu, mzee niliyemwamkia tangu utotoni, wazee wake walitoka wapi. Alifikiri sana. Baba alizaliwa kambini shambani, akasema, na babu alitoka upande wa Kigoma. Kabila halijui, wala jina la kijiji. Nikamuuliza kama angependa kujua. Akasema dada yake mkubwa yuko Pangani na kumbukumbu zake bado nzuri. Jumapili tukampigia.