Blanketi la Shangazi

Leo mchana tumefungua kasha la shangazi, mimi na binti yake. Tumekuta doti za khanga ambazo hazijakatwa, kadi za kliniki za wanawe wote, na chini kabisa lile blanketi la kijivu.

Mimi ndiye niliyemfunika nalo. Ilikuwa Februari 2021, Mbagala, uani. Nilikuwa nimechemsha mkaratusi, mchaichai, majani ya mpera na malimao. Nikaweka sufuria katikati ya miguu yake, nikamfunika, nikabana pembe za blanketi mvuke usitoke. Alikuwa na siku ya sita anakohoa. Nikamsikia mle ndani akihema kama mtu aliyepanda mlima, kisha akasema, "Fungua mwanangu, pumzi inakata." Nikamjibu, "Vumilia kidogo, shangazi."

Sauti ile haijanitoka.

Nyungu sina ugomvi nayo. Bibi alitufukiza tangu utotoni, mafua yakaachia. Ninachoumia ni kwamba tuliaminishwa inatosha, na waliotuaminisha hawakuwa watu wa kijiweni. Mei 2020 Rais Magufuli, msomi wa kemia mwenye shahada ya uzamivu, alilieleza taifa kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, zikarudi na majibu ya corona. Takwimu za mwisho zilitoka karibu na siku hizohizo, wagonjwa 509 na vifo 21, na hapo hesabu ikasimama kwa zaidi ya mwaka. Juni tukaambiwa maombi yameuondoa ugonjwa. Shangazi alimpenda kwa jinsi alivyowabana wazembe maofisini. Mtu wa namna ile angemdanganya kwa faida gani? Nami niliamini, maana ilikuwa raha kutoogopa.

Januari 27, 2021, akiwa Chato, rais akasema chanjo hazifai. Mzungu angekuwa na uwezo huo, ya Ukimwi ingeshapatikana. Siku chache baadaye Waziri wa Afya akaonyesha mbele ya kamera namna ya kusaga tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili. Shangazi aliandika mchanganyiko ule nyuma ya kalenda.

Nimezipitia zile kadi moja moja. Kifua kikuu, polio, surua, kila mtoto, kila tarehe. Hakuna kliniki aliyoikosa, hata masika alipovuka maji ya magotini na mtoto mgongoni. Mwanamke huyu hakuwa na shida na sindano. Shaka ile alipandikizwa uzeeni, na watu aliowapigia kura.

Hospitali tuliyomkimbiza walisema ana "changamoto ya upumuaji". Kibali cha mazishi kikaandikwa nimonia. Na kwa kuwa ugonjwa haukuwa na jina, tuliishi kama haupo: kina mama wakamwosha mikono mitupu, watu wakabanana chini ya turubai siku tatu, wakinywa kwa vikombe vilevile. Baada ya wiki moja binti yake naye akalala kitandani. Yeye Mungu alimnyanyua. Mwezi huohuo, tarehe 17, alifariki Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimeshatangaza waziwazi kwamba ana corona. Nilimwonea wivu marehemu, kwa kuwa waliomzika walijua wanazika nini.

Rais Samia alichanjwa hadharani Julai 28 mwaka ule, baada ya kupokelewa dozi zaidi ya milioni moja. Mimi na binti yake tulikwenda Septemba. Alilia pale kwenye benchi hata kabla ya sindano.

Leo amelikunja blanketi akalirudisha, kadi akazichukua. Mwanawe wa miaka saba akauliza bibi aliumwa nini. "Corona," akamwambia. Ni mara ya kwanza neno hilo kutamkwa ndani ya nyumba ile.