Kabla ya Kuilaumu Jeni, Kagua Kizimba

Mradi wa kimataifa wa IMPC, ulioanza mwaka 2011, una kazi rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: kuzima jeni za panya moja baada ya nyingine, kisha kupitisha kila ukoo kwenye vipimo vilevile. Kwa kawaida hupimwa madume 7 na majike 7 kwa kila jeni. Mwendo na nguvu za kushika hupimwa wakiwa na wiki 9 hivi, sukari wiki ya 13, mafuta na mifupa wiki ya 14, damu wiki ya 16.

Tofauti nyingi zinazojitokeza hazina uhusiano wowote na jeni. Chukua kipimo cha sukari. Panya hulala njaa usiku kucha, maji akiachiwa, kisha hudungwa glukosi kuona mwili unavyoimudu. Mhamishie kizimba chenye maranda mapya. Ukimwacha kwenye ya jana ataokota makombo, na asubuhi utadhani ana kisukari. Mpime uzito baada ya kufunga, si kabla, kwa sababu dozi ni gramu 2 za glukosi kwa kilo: kwa mmumunyo wa asilimia 20, panya wa gramu 25 anapata mililita 0.25. Sindano iingie chini ya tumbo upande wa kulia. Ukitoboa utumbo, sukari haitapanda inavyopaswa, na panya ataonekana hodari kumbe dozi ilipotelea njiani. Damu hutolewa ncha ya mkia dakika ya 0, 15, 30, 60 na 120. Usiukamue mkia, majimaji ya nyama yatachanganyika na damu. Halafu vipima sukari vingi vya dukani havisomi zaidi ya milimoli 33.3 kwa lita. Kikomo kikipitwa, kiandike kuwa kimepitwa, usikifanye jibu.

Ukoo nao una siri zake. C57BL/6J, panya wa ukoo mmoja wa maabara, ana kasoro kwenye jeni ya Nnt inayopunguza utoaji wa insulini. C57BL/6N, ndugu yake anayetumiwa na IMPC, hana hiyo, ila ana kasoro ya jeni ya Crb1 inayoleta madoa kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho. Ukiwachanganya wawili hawa bila kujua, utagundua “kisukari” na “upofu” usiohusiana na jeni uliyoizima.

Kwa maabara za Nairobi, takwimu za kulinganishia kutoka Uingereza hazitoshi. Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na mwinuko unaweza kuongeza chembe nyekundu za damu. Stima ikipotea usiku, saa ya taa huyumba na panya hubadilisha muda wa kula. Weka panya wako wa kawaida, wa jinsia na umri uleule, na uwapime siku ileile wakiwa wamechanganywa na wenye jeni iliyozimwa. Anayepima asijue nani ni nani. Ukimaliza kundi moja asubuhi na jingine alasiri, umepima saa.

Wanaochunguza nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, wawe waangalifu zaidi. C57BL/6 huishi muda mrefu na Trypanosoma congolense, kimelea cha nagana, kuliko koo nyingine za BALB/c au A/J, na mwaka 1997 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyo hapa Kabete, walishiriki kuonyesha maeneo ya kromosomu yanayochangia tofauti hiyo. Jeni iliyozimwa kwenye ukoo mchanganyiko izalishwe na C57BL/6 vizazi 10 kabla ya kuambukiza, na hata hapo kipande cha kromosomu kinachoizunguka bado ni cha ukoo wa mwanzo. Kama kipande hicho kiko karibu na mojawapo ya maeneo hayo, tafuta ukoo mwingine.