Babu Yangu, Dereva wa Keya katika Vita vya Burma

Katika ukoo wetu hapa Wete, kila anayesimulia habari za babu mzaa baba husema kwamba alikwenda kupigana na Hitla. Ukweli ni kwamba babu hakupata kumkaribia Mjerumani hata mmoja. Adui wake alikuwa Mjapani, na vita vyake vilikuwa vya tope, mbu na gari la mizigo katika misitu ya Burma, ambayo leo ni Myanmar, nchi ambayo Wapemba wengi wa zama hizo waliijua kwa jambo moja tu, nalo ni mchele.

Kabla ya vita, sehemu kubwa ya mchele uliopikwa Unguja na Pemba ililetwa kwa meli kutoka Burma, kwa kuwa visiwa vyetu vilikuwa vimeelemea kwenye karafuu. Wajapani walipouteka Rangoon, mji mkuu wa Burma, mwezi wa Machi 1942, mchele ule ulikatika, serikali ikaanza kugawa chakula kwa kipimo, na watu waliozoea wali wakarudi kwenye muhogo. Mgao wenyewe ulitazama mtu ameandikishwa kuwa wa jamii gani, jambo lililoacha uchungu mwingi. Babu alijiandikisha katika kipindi hicho hicho. Wazee walisema alivutiwa na sare. Mimi naona alivutiwa na mshahara na posho, maana nyumbani kulikuwa na wadogo zake wa kulishwa.

Watu waliliita jeshi lote Keya, kwa jina la King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, hata kwa yule ambaye, kama babu, kazi yake ilikuwa kuendesha lori na si kubeba bunduki mstari wa mbele. Alifundishwa udereva bara, kisha akapakiwa melini Mombasa kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikifanya mazoezi. Njia ile ya bahari haikuwa salama. Tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache pamoja na watu wapatao 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa ameshavuka, lakini baadhi ya aliojifunza nao udereva walikuwamo.

Kiangazi cha 1944 hakikuwapo kwao. Divisheni iliingizwa katika bonde la Kabaw, huko Burma, wakati wa mvua za monsuni, kwa sababu makamanda wa Kiingereza waliamini kwamba Waafrika wangeihimili malaria kuliko wengine, na kila siku walimezeshwa vidonge vya mepakrini vilivyoifanya ngozi iwe ya manjano. Barabara ya kutoka Tamu kuelekea Kalewa ilikuwa tope tupu, lililotandikwa magogo ili magurudumu yapate pa kukanyaga. Babu alimsimulia baba kwamba gari lilipokwama alishuka, akatumbukiza mkono topeni mpaka kwapani, akipapasa gogo moja baada ya jingine hadi apate lililo imara, ndipo afunge minyororo kwenye matairi. Na nyuma ya gari majeruhi walikuwa wakimsubiri bila kusema neno. Chakula kilidondoshwa na ndege kwa miavuli, kikafika kimelowa. Katika nchi ya mchele, babu alikula unga wa mahindi na nyama ya kopo, na nyama yenyewe aliikwepa kila alipotilia shaka uchinjaji wake.

Divisheni ilifika Kalewa mwanzoni mwa Desemba 1944, Mto Chindwin ukavukwa, na baada ya hapo askari hao wakarudishwa India kupumzika. Babu alirejea Pemba mwaka 1946.

Nishani yake anayo ami yangu: nyota ya shaba ya pembe sita, yenye utepe wa buluu iliyokoza, mstari mpana mwekundu katikati na miwili ya rangi ya chungwa. Ukiigeuza nyuma huoni jina, kwa kuwa Uingereza ilitoa nishani za vita vile bila kuandika jina la mwenyewe. Hilo linanikera kuliko mengine. Kiinua mgongo nacho kilipangwa kwa cheo, muda wa utumishi na rangi ya ngozi, na Mzungu aliweza kulipwa hata mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile.

Kilichomfaa babu ni udereva. Aliajiriwa kuendesha lori la karafuu kati ya Chake Chake na bandari ya Wete, na wakati wa masika, madereva wengine walipolala njiani wakisubiri udongo ukauke, yeye alikata minazi iliyoanguka, akaitandika mbele ya magurudumu, akapita.